Nyuki wa Nguzo ya Kamba

Jumanne, mvua ya masika imeisha

Na alivyoniuliza kwa upole! "Mama Kevo, hawa nyuki wako weusi huonekana sana lini?" Baba Shiro, keateka wa ploti, msimamizi wa nyumba zetu za kupanga, ambaye hukanyaga miche yangu bila hata kutazama chini. Mimi mjinga nikafurahi, nikamweleza.

Kwamba wakati mzuri ni huu, mvua ikishaacha na kabla baridi ya Julai haijaingia, sukuma wiki niliyoiacha izeeke ikiwa imejaa maua ya njano. Kwamba jua likipanda wako nje, na giza likiingia wote wamerudi kwenye matundu waliyoyatoboa katika nguzo ya mbao ya kamba ya nguo.

Jana jioni, nikiwa kwenye maombi ya akina mama, alikuja na mwiko na simiti. Akaziba kila tundu.

Leo majirani wanamshukuru, eti sasa wataanika bila kuogopa. Nyuki ambao tangu nihamie mtaa huu wa Jericho hawajamuuma mtu!

"Si wewe ulinifunza saa ya kuwapata?" akaniambia, akicheka.

Nimechokora kwa kisu cha jikoni mpaka ncha ikavunjika. Simiti imeshika.

Nilipoanua shati la Kevo niliweka sikio kwenye nguzo. Bado wananguruma, ila kwa sauti ndogo kuliko asubuhi.

Baba Shiro akifa, matanga yake nitaenda, chai nitapika. Lakini nimeomba leo, na sioni haya: siku hiyo wamfukie akiwa bado anasikia.