Uzi wa Njano kwenye Gauni Jeupe

Jumapili, tarehe 14 Juni

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umelala vya kutosha, na miguu yako haikuumi tena kwa kusimama wodini kutwa. Ukiuliza habari zetu kwa adabu, sisi hatujambo. Ukiuliza kwa kweli, mwili wangu haujambo lakini moyo unachemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Siku unaondoka kwenda chuoni uliniambia nikuandikie kila kitu, kizuri na kibaya, nisikuchagulie. Basi leo naahidi kukueleza yote, hata lile ambalo mama amenikataza kukuambia. Kaa kitako kwanza.

Rafiki zangu watatu unawajua. Kuna Chiriku, ambaye mdomo wake haujapumzika tangu alipoota meno. Kuna Twiga, anayeketishwa nyuma darasani ili wengine tuuone ubao. Na kuna Bi Usingizi, ambaye huhitaji kuamshwa hata akiwa anatembea. Kila Ijumaa wakati wa mapumziko tunakaa kwenye ukingo wa saruji karibu na bomba la maji, nyuma ya madarasa, na wao wanapanga mambo ya Jumamosi. Nimesema wao wanapanga. Mimi nakaa nao, nacheka nao, nawapa hata maoni, lakini katika mipango yao simo. Muhula mzima huu wamekwenda mtoni, wamekwenda kwa shangazi yake Twiga mwenye televisheni kubwa kama mlango, wamekwenda kuchuma mapera, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia akaniuliza kama nami nitakuja.

Ijumaa hii mpango ulikuwa maonyesho. Wamefunga bembea kubwa la kuzunguka pale uwanjani, lile lenye viti vya minyororo, na shule nzima haina habari nyingine. Chiriku alisema yeye atakaa mbele ili upepo umpige vizuri. Twiga akamjibu kwamba bembea la kuzunguka halina mbele wala nyuma, na kwamba hesabu zimempita kando. Chiriku akasema afadhali yeye aliyepitwa na hesabu kuliko mtu ambaye miguu yake itafagia kofia za watu kule juu. Bi Usingizi akaomba apitiwe mapema kwao, wamgongee dirisha, na wakimkuta hajaamka wambebe na kitanda. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha Chiriku akasema kwamba asubuhi watapita kwanza nyumbani kwetu achukue gauni lake jeupe analoshonewa na mama, alivae hapohapo, ndipo waende wote watatu.

Wote watatu! Alilisema mbele yangu, dada, huku bega lake limegusana na langu. Nilijua hesabu ya watu waliokaa pale, na haikuwa watatu. Lakini wewe na mama mmenilea nisijipendekeze kwa watu, basi nikameza mate, nikasema gauni litakuwa tayari.

Nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi. Unakumbuka kazi za Ijumaa: kufagia chumba cha cherehani, kuokota pini kwa sumaku, kushusha nyuzi zote kutoka kwenye misumari ya ukutani, kupangusa ubao wenye misumari hiyo, kisha kurudisha kila uzi kwenye msumari wake. Mweupe mwanzo, wa njano unafuata, halafu waridi, na kuendelea hadi mweusi mwisho kabisa karibu na dirisha. Ulinifundisha wewe mwenyewe, ukanisisitizia kwamba hata nyumba ikiungua, nyuzi zikae kwa mpangilio. Na kimto cha sindano vilevile, kila sindano itungwe uzi kabisa, za nguo nyeupe upande wa mlango, za nguo nyeusi upande wa ukuta. Siku zote nimefanya hivyo bila kuuliza. Ijumaa hii nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni kwamba sitajihangaisha kupamba ukuta kwa ajili ya gauni la mtu atakayekwenda kubembea bila mimi. Nikatundika nyuzi hovyohovyo, mkono ulipofika ndipo uzi ulipokaa, nikasingizia kichwa kinaniuma, nikajifunika shuka kabla hata jua halijazama vizuri. Nikasikia cherehani ikilia chumba cha pili, mama akimalizia gauni la Chiriku, akiimba.

Jumamosi asubuhi wakaja. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda chako, futi ya kupimia shingoni, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku wateja wanapimwa. Mama hulaza futi mwilini mwa mteja na mimi husoma namba kwa sauti na kuandika. Amekuwa akiniambia ananizoesha hesabu. Chiriku akaingia nyuma ya pazia, akavaa, akatoka akizunguka kama tayari yuko kwenye bembea, akaenda kusimama mlangoni penye mwanga.

Dada, lilikuwa gauni jeupe lililoshonwa kwa uzi wa njano. Shingoni njano, mikononi njano, kwenye upindo wa chini mstari wa njano umezunguka wote, umenyooka, mshono mzuri kabisa wa mama, na wa njano. Twiga ndiye aliyeanza. Alisema hajui kama waende maonyesho au wakatafute mkate wa kulia lile yai. Bi Usingizi, aliyekuwa ameegemea mlango macho nusu, akaamka kwa kicheko. Chiriku akajitazama, akasema kwa ile sauti yake ya kusikika barabarani kwamba aliagiza gauni la msichana, hakuagiza la kifaranga.

Sasa sikiliza kilichoniuma. Mama naye alicheka. Alikuwa amesimama karibu na meza ya kukatia, anatabasamu kwa fahari, na akauliza limemkaa vizuri, sivyo? Alidhani wanacheka kwa furaha.

Hapo damu ikanipanda. Niliinuka nikawaambia waende zao. Nikasema wanakuja kumcheka mama yangu ndani ya nyumba yake, watu ambao muhula mzima wamekaa kando yangu wakipanga raha zao kana kwamba mimi ni bomba la maji. Nikasema hata mbwa wa jirani huitwa mtu akila. Nilisema mengi, dada, na mengine si ya kuandika. Twiga akainama. Lakini Chiriku hakuinama. Machozi yalimlengalenga na akaniambia kwamba mimi ndiye mwenye maringo. Akasema mwanzo wa muhula walikuja wote watatu hapa nyumbani, kama inavyotakiwa, wakamwomba mama ruhusa niende nao mtoni, na mama akawaambia kwamba mimi sipendi kutembea, nimesema mwenyewe. Wakarudi tena kwa ajili ya safari ya kwa shangazi. Mama akawaambia wasinisumbue, wala wasinitajie, maana nitaona haya kuwakatalia. Tangu hapo wameacha kuniuliza, ila hawajaacha kupanga mbele yangu kila Ijumaa, wakingoja siku nitakayosema nami nataka.

Nikamgeukia mama. Nilitaka acheke, aseme Chiriku ana maneno mengi. Mama akaiacha meza ya kukatia. Alimsogelea Chiriku, akashika upindo wa gauni, akapitisha kidole gumba juu ya mshono polepole, akitafuta fundo, akitafuta mahali palipokatika. Hakupata. Kisha akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa sauti ya chini sana kwamba ni rangi gani.

Dada, nilipoa ghafla, hasira ikapoteza mahali pa kukaa. Nikawaambia rafiki zangu kwamba kosa ni langu, mimi ndiye niliyempa mama uzi usio wa gauni hilo. Ilikuwa kweli, na ilikuwa pia blanketi la kumfunika mama, kwa maana mtaa ukisikia kwamba fundi haoni, nani atamletea kitambaa chake? Wakaniamini. Chiriku akavua, akavaa gauni lake la zamani. Mlangoni akasimama, akaniuliza mbele ya mama kama ni kweli sipendi kutembea nao. Hebu niambie ningejibu nini. Nikisema si kweli, nimemfanya mama mwongo mbele ya watoto. Nikisema ni kweli, nimewapoteza. Nilisimama pale na futi yangu shingoni, nikanyamaza. Chiriku akasema gauni atalifuata Jumamosi ijayo, na mtu akiwa na neno, siku hiyo atalisema. Wakaenda.

Mchana tulikaa kufumua uzi wa njano, mimi kwa wembe na mama kwa vidole. Akanieleza bila mimi kuuliza. Alisema ni kama kuna mvuke kwenye kioo, na mvuke hauondoki. Nyeupe na njano humchanganya, nyeusi na buluu ndiyo usiseme. Namba za futi hazioni kabisa. Kazi ya kawaida inakwenda kwa mikono na kwa mpangilio wa misumari, lakini Jumamosi ya wateja hawezi bila macho mengine chumbani. Nikamwambia twende hospitali. Akasema akilazwa leo cherehani italala, na cherehani ikilala chuo chako kitalala. Akanitolea ile methali ya heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nilimjibu, na naomba unisamehe kwa ukali wangu, kwamba darasani tumefundishwa nyingine, mficha maradhi kifo humfichua. Akasema nisikuandikie, utaacha masomo urudi.

Bado nimekasirika, dada. Sikasirikii kazi. Angeniambia kwamba ananihitaji ningekaa kila Jumamosi, na rafiki zangu ningewaambia kwamba mama ana kazi nyingi, basi. Kilichonichoma ni kwamba alichukua mdomo wangu akausemesha nisichokisema, na mimi nikabaki nawachukia watu waliokuwa wakinisubiri. Namhurumia mno na nimemkasirikia mno, na sijui kama moyo mmoja unaruhusiwa kubeba vyote viwili. Wewe unasomea uuguzi. Macho ya namna hiyo yanatibika? Nimesikia mwalimu wa sayansi akisema kuna ukungu wa jicho unaoondolewa, na tangu jana neno hilo nimelishika kama kijiti gizani. Usirudi nyumbani. Mwandikie mama barua, maana mimi ananiona mtoto, na wewe ataogopa kukubishia.

Nyuzi nimezirudisha kila moja kwenye msumari wake. Nilipokuwa nikitundika ule mweusi karibu na dirisha, nilikumbuka sauti yako ukinisisitizia kuhusu mpangilio, na nikakumbuka jina tulilokupa hapa nyumbani. Tulikuita Kobe, kwa sababu Jumamosi ulikuwa hutoki. Rafiki zako walipita barabarani wakicheka, wewe umekaa kwenye kigoda hiki, futi shingoni, ukisoma namba kwa sauti. Nami nilikucheka pamoja na wengine, nikasema dada yangu hapendi watu.

Mama anakusalimu na hajui ninaandika. Jirani wa upande wa kisima anakusalimu pia, na paka wako amezaa ndani ya kapu la vitambaa. Nisalimie wenzako wa chumbani, na uwaambie wahakikishe unakula.

Nijibu haraka, jibu lifike kabla ya Jumamosi, maana Chiriku atasimama mlangoni tena na sitaki kunyamaza mara ya pili. Niambie kweli, dada: miaka ile yote ulikuwa unapenda kukaa nyumbani, au na rafiki zako nao waliambiwa hivyo?

Mdogo wako