Chujio Limezeeka, Si Mimi

Jumanne, 4 Machi

Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi. Asubuhi nilikuwa chumba cha cherehani, napinda sketi ya jirani, na mashine ya kukaushia nguo inanguruma zake kule nyuma ya jikoni. Mara kitinda mimba wangu akaingia, mbio hadi kwenye mashine, akachomoa waya ukutani. "Mama! Husikii harufu? Inaungua!" Kweli — nilipofika nikasikia harufu ya shuka lililosahauliwa chini ya pasi. Moshi haukuwepo. Lakini Kitinda alishatoa simu, alishampigia kaka yake.

Kaka yake, Mkubwa wangu, hata kunisalimia hakunisalimia. Mwaka jana niliunguza sufuria, mwaka huu mashine! Basi Jumapili ya tarehe kumi na sita wanakuja wote, tukae kikao, na safari hii hakuna mjadala. Nahamia kwake, chumba kiko tayari, na nyumba hii ipangishwe. Miaka thelathini na moja ndani ya nyumba hii! Baba yao amefia humu. Leo nikakae chumba cha nyuma kwa mkwe, niombe ruhusa ya kuwasha jiko?

Sufuria nakiri. Mashine sikiri.

Kitinda alipoondoka nimevuta chujio, lile la wavu linalokaa mlangoni mwa mashine, la kunasa vumbi la nguo. Nimeliinua dirishani. Wavu umechanika ukingoni, tundu la kupitisha vidole viwili! Vumbi lote lilikuwa linapita hapo, linaingia tumboni mwa mashine na kuungulia huko. Basi. Chujio limezeeka, si mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa mashine amekuja. Shati limepigwa pasi, mikono mifukoni. Amesimama mlangoni akaitazama mashine kwa mbali, kama mtu anayetazama maiti asiyoijua. Eti imekwisha, ninunue mpya. Nikamuuliza amejuaje na hajaigusa. Eti uzoefu. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, baba — piga goti, fungua huo mgongo.

Akapiga goti! Alichotoa humo kingejaza mto wa mtoto. Vumbi la kijivu, limeshikamana, jingine limegeuka rangi ya chai kwa kuungua. Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Amesafisha kila kitu mpaka bomba la kutolea hewa. Amewasha — mota nzima, inazunguka vizuri! Ila nisithubutu kukausha bila chujio zima, na chujio la mashine ya zamani hivi hajui kama nitalipata. Yeye hajui. Mimi nitajua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelishona mwenyewe! Miaka arobaini na tano ya sindano, nishindwe na wavu? Nimekata kipande cha shela ya bibi harusi kilichobaki kwenye kapu, nikakikunja mara mbili kiwe imara. Mshono mdogo mdogo, hauonekani mpaka uambiwe. Nimeweka mashuka mawili, nimewasha.

Baadaye. Aibu. Saa nzima imepita, mashuka bado majimaji, mashine imechemka halafu ikajizima yenyewe. Nimechukua chujio nikalipuliza kwa mdomo. Penye wavu wa zamani pumzi inapita, naisikia kiganjani. Penye shela, hakuna kitu. Nimeiziba pua! Kiraka kizuri, mashine haipumui. Nimekifumua chote, nimeanika mashuka juu ya viti.

Jumamosi, 8 Machi

Kitinda amekuja kufua, kama kila Jumamosi. Sikumruhusu kugusa mashine. Ameona viti vyangu vimevaa mashuka, akatikisa kichwa, akaenda barazani kumpigia kaka yake kwa sauti ya chini. Masikio yangu mazima, namshukuru Mungu. Kwamba Mama anahangaika na chujio kama mtoto na mwanasesere. Kwamba hawezi tena kukaa peke yake. Kwamba ni bora dalali aje aione nyumba mapema.

Dalali! Nikajifanya sijasikia, nikakanyaga cherehani kwa nguvu. Hata kitambaa hakikuwepo chini ya sindano. Nilikuwa nashona hewa.

Jumatatu, 10 Machi

Duka la vipuri. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, kaunta imejaa mikanda na mipira ya mashine. Akauliza namba ya modeli. Nikamwambia kibandiko kimefutika, zimebaki herufi mbili tu. Basi vipimo, akasema.

Vipimo! Kauliza mtu mwenyewe. Nilishapima nyumbani kwa futi yangu ya kushonea, nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Akasoma, akaguna. Eti saizi hiyo hajawahi kuiona, lakini ataagiza kutoka ghalani saizi iliyo karibu nayo kabisa. Jumatano. Nimerudi kwa miguu, mwendo wa msichana.

Jumatano, 12 Machi

Limekuja. Halikai!

Ni kubwa. Limezidi kila upande. Nimelisukuma, nimelilaza, nimelisimamisha, nimelibembeleza. Wapi! Nikakaa sakafuni, nikapima upya lile la zamani, nikaangalia karatasi yangu. Mama yangu mzazi — nimeongeza nafasi ya mshono! Kila upande, sentimita moja na nusu, kama napima kiuno cha sketi. Mkono umeandika wenyewe. Kana kwamba mashine itanenepa nije kuiachia!

Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Zimebaki siku nne. Na kama mkono wangu unaweza kuandika jambo mimi mwenyewe sijui, labda watoto wana haki? Nimekaa pale sakafuni na swali hilo muda mrefu, miguu ikafa ganzi. Hapana. Mkono uliandika sawasawa, ila kwa kazi nyingine. Nikainuka.

Nimelifunga la zamani kwenye kitambaa, nikarudi dukani mchana uleule, nikasema ukweli wote. Yule mama amecheka mpaka miwani ya kichwani imeanguka. Kumbe marehemu baba yake naye alikuwa fundi cherehani, alipima kioo cha dirisha akaongeza nafasi ya mshono, kioo kikakaa uani miaka! Tulishikana mikono tukicheka. Akaliweka la zamani juu ya kaunta, akalinganisha na picha za kitabu chake, ukurasa kwa ukurasa, akapiga simu ghalani mbele yangu.

Lipo moja. Moja tu! Litafika Ijumaa, likichelewa sana Jumamosi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ijumaa, 14 Machi

Halijafika. Mkubwa amepiga simu kuuliza nina masanduku mangapi ya nguo.

Jumamosi, 15 Machi

LIMEFIKA!

Nilikuwa mlangoni pa duka kabla yule mama hajafungua. Nimekuja nalo kifuani kama mtoto mchanga. Nimeshika pumzi, nimeliteremsha mahali pake — tak! Limekaa. Halichezi, halikwami. Nimelitoa nikalirudisha mara sita kwa raha tu ya kusikia ile tak.

Kisha taulo nne, zile nzito. Nikavuta stuli nikakaa mbele ya mashine, sikubandua macho. Dakika arobaini. Kavu! Kavu na moto, za kukumbatia. Nimevuta chujio: vumbi lote limelala juu ya wavu, jembamba, laini, nimelibandua kwa vidole likatoka kipande kimoja. Nimemulika tochi tumboni mwa mashine. Safi. Harufu? Ya sabuni tu.

Nimecheza. Peke yangu, taulo begani, bila muziki. Magoti yamelalamika, nimeyaambia yanyamaze.

Halafu nikakausha kila kilichomo ndani ya nyumba hii, mapazia kwa vitambaa vya meza. Kitinda ametuma ujumbe kwamba leo haji, wanakuja kesho wote pamoja. Waje! Wasikute hata soksi mbichi.

Jumapili, 16 Machi

Wako sebuleni. Naandika haraka, nimewaambia nimefuata miwani.

Mkubwa amekuja na mkewe na Kitinda, na maboksi matupu sita nyuma ya gari. Nimeyaona dirishani. Hakuyashusha. Nimewakaribisha, nikawapeleka moja kwa moja kwenye mashine, hata kukaa hawajakaa. Mkubwa amenusa kila kona. Ameinama na suruali yake ya kikao, akamulika ndani. Nikampa chujio, nikamwambia puliza. Akapuliza! Nikawasimulia yote, fundi na goti lake, shela, mpaka nafasi ya mshono niliyoapa sitaitaja. Ushindi unalegeza mdomo. Mkwe wangu alicheka akaegemea ukuta. Na Mkubwa akatabasamu, mara ya kwanza tangu ile sufuria. "Mama, umeniweza," akasema. Umeniweza! Mkewe akasema hayo maboksi watawekea viatu. Nilikuwa nimeshinda. Nilitaka kupiga vigelegele.

Halafu Mkubwa akaokota karatasi ya maelezo iliyokuja na chujio. Mtoto huyu tangu shule haachi karatasi bila kuisoma. Akaisoma kwa sauti: wavu usafishwe kwa vidole, usisuguliwe kwa brashi ya chuma, utachanika. Akainua macho kwenye rafu juu ya mashine. Brashi ya chuma ipo pale, imelala, meno yake yana vumbi la kijivu. Akanigeukia, na tabasamu limeshaondoka.

"Mama, ni wewe uliyekuwa unalisugua na hii?"

Mimi brashi ile sijaishika hata siku moja. Ni ya Kitinda, aliileta mwenyewe. Kila Jumamosi nilikuwa namsikia huku nyuma, kwaru, kwaru, nikidhani anasugua masufuria. Nikamtazama. Alikuwa ameinamia vidole vya miguu yake, jasho limemtoka juu ya mdomo. Huyuhuyu aliyesema Mama hawezi kukaa peke yake. Huyuhuyu wa dalali!

Nikisema ni mimi, maboksi yanashuka. Nikisema ni yeye, nakaa nyumbani kwangu mpaka nife, na yeye hatainua uso mbele ya kaka yake. Namjua Mkubwa, hasahau. Nimekasirika na huyu mtoto, na namhurumia, vyote kwa pamoja. Amekuwa akija kunifulia kila wiki, mvua na jua. Nimesema siyaoni maandishi hayo madogo, wanisubiri sebuleni, nikalete miwani niyasome mwenyewe.

Miwani ninayo puani.

Mkubwa anaita kutoka sebuleni: Mama, vipi huko? Nimejibu nakuja. Kuna mtu nje ya mlango wa chumba hiki, naona kivuli cha miguu miwili sakafuni. Si viatu vya Mkubwa, ni kandambili za Kitinda. Nimesema polepole, ingia, mwanangu.

Kitasa kimegeuka nusu, kimesimama. Naweka kalamu chini, nimfungulie mwenyewe.