Laga ya Tatu Sikuikagua

Mpendwa Senga Shamira, shangazi yetu sote, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, na jina langu weka tu G., dereva, Walukuba, Jinja. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi, maana marehemu baba alikuwa polisi na sisi tulikulia kambini, lakini mama yetu Margret, ambaye sasa anakaa Wanale kule Mbale, hajawahi kukipenda wala kukisoma, kwake ni lugha ya bunduki, kwa hiyo najua nikilia hapa hatanisikia.

Senga, mimi na mdogo wangu wa kiume Emma tulikuwa na ndoto moja tangu ujana, kufungua njia yetu wenyewe ya kupeleka wageni kwa gari, tutoke Jinja, tupande Mbale na Kapchorwa, tuuzunguke Mlima Elgon kwa nyuma hadi Moroto, tuvuke Kenya tushuke Lodwar, na mwisho tufike jangwa la Chalbi, siku tisa ambazo lami ungeiona mara chache, na miaka miwili tulikaa na ramani sakafuni kwake Namatala, Mbale, mke wake Ritah akituruka kwenda jikoni na kutuuliza kama huko jangwani tutakula hizo karatasi. Tukapata magari mawili makuukuu, tukayafufua, tukagawana kazi, Emma fundi, mimi mkaguzi wa njia. Kukagua njia, Senga, ni kutangulia na pikipiki na kuivuka kwa miguu yako mito yote ile mikavu ya mchanga, tunaiita laga, unachoma fimbo hatua kwa hatua ujue chini kuna changarawe au kuna tope, kisha unaandika kwenye daftari, na mwenzako nyuma haulizi tena, anaendesha kwa macho yako.

Mwezi wa tatu nikatangulia. Laga mbili za mwanzo baada ya Moroto nilizivuka kwa miguu, lakini ya tatu ilikuwa mbali na jua lilikuwa kali na mgongo ulikuwa unaniuma, nikakaa kivulini dukani na bia yangu, nikamuuliza dereva mmoja wa lori, akasema pale panapita vizuri tu, nami nikaandika, "Laga ya tatu, changarawe, pita moja kwa moja," nikageuza pikipiki. Uvivu wa mchana mmoja, Senga.

Wiki tatu baadaye tukaondoka kwa safari ya majaribio. Mimi nilibaki Moroto nusu siku kwa sababu springi ya gari langu ilikatika, Emma akatangulia na Cliff, rafiki yetu Mkenya wa Bungoma. Walipofika laga ya tatu Cliff akamwambia, "Emma, wacha tushuke tuangalie kwanza," na Emma akamjibu, "Ya nini? Kaka yangu amepita hapa na miguu yake." Gari likazama katikati. Cliff akaenda ukingoni kukata matawi ya kuweka chini ya matairi, Emma akaingia chini ya gari na jeki, mbinguni hakuna hata wingu, kumbe mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, na maji yakaja. Tulimpata kesho yake.

Kituoni afande akaniuliza, "Nani alisema njia iko sawa?" Cliff alikuwa bado amelazwa, aliumia akijaribu kumvuta Emma. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi nilimkataza, afande, lakini yeye kichwa ngumu." Akaandika. Neno hilo lilifika nyumbani kabla ya jeneza. Kwenye mazishi msemaji wa ukoo akawaonya vijana wasife kwa ukaidi kama Emma, na Ritah mpaka leo anasimangwa na mashemeji kwamba mume wake alijifanya anajua kila kitu. Cliff alipopona alinipigia simu mara moja tu, akanisimulia alivyosema Emma pale lagani. "Mimi sitasema," aliniambia. "Ni wewe wa kusema." Akakata.

Sasa, Senga, familia yetu ina desturi. Mtu akichukuliwa na maji mbali na nyumbani, ndugu zake wa damu wanakwenda mahali pale, wanamwita kwa jina, na wanarudi naye, kiti kimoja kikiachwa wazi garini. Mama anataka twende mwezi wa saba, na mimi ndiye nipange safari na mimi ndiye niendeshe, kwa kuwa njia naijua. Juzi nilikuwa kwake na ramani, akaniambia ameshajua atakachosema pale mtoni. "Nitamwambia nimemsamehe kwa kutokukusikia wewe." Nilikunja ramani nikatoka nje. Tangu hapo ramani sijaifungua, nafikiria nimwambie barabara imefungwa, au nilivunje gari kwa makusudi, au niende tu nisimame pale kimya, maana amebaki na mimi peke yangu na nikisema atakuwa amepoteza wote wawili. Nifanye nini?

G., Walukuba

SENGA SHAMIRA ANAJIBU:

G., pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nililia, na mimi si mtu wa machozi ya bure. Mdogo wako alikuamini hadi dakika ya mwisho, na hilo litakuuma maisha yako yote. Sasa futa uso, tuongee.

Uliandika kitu ambacho hukukiona. Ni kosa kubwa. Lakini hukutaka afe, na wako wengi wanaoandika wasichokiona, tena wana ofisi na mihuri, na Mungu anawasitiri. Wewe hukusitiriwa. Hapo nakuhurumia.

La kituoni sikuhurumii. Pale hapakuwa na jua wala mgongo. Ulivua kosa lako ukamvika maiti, kwa sababu maiti hajibu, na mjane wake ndiye anayetukanwa kwa niaba yako. Na hilo la kusema mama atapoteza wote wawili, acha kujificha nyuma ya mama. Unayeogopa kupotea ni wewe.

Jumamosi hii panda Mbale. Ritah mwite mwenyewe, usimtume mtu, na umwombe Cliff aje, asikutetee, aje tu awaambie Emma alisema nini. Umeniandikia mimi kwa lugha ambayo mama yako haisomi. Kwake utasema kwa Lumasaba, lugha yake mwenyewe, tena uanze na "sikufika." Usianze na jua, usianze na springi. Daftari liweke mbele yao. Akipiga kelele, usimnyamazishe. Akikufukuza, toka, na asubuhi urudi. Huenda akakaa miezi hataki kukuona, huenda Ritah asikusamehe kabisa, na hiyo ni haki yake.

Kisha nenda kwa yule msemaji wa ukoo. Alilisema mbele ya watu, na alirekebishe mbele ya watu. Baada ya hapo rudi kituoni uandikishe maelezo upya. Ukiulizwa kwa nini ulidanganya, jibu. Kukiwa na kesi, isimamie.

Na safari iwepo, usithubutu kuivunja. Ila mwezi wa saba hapana, kwenye milima ile mvua bado inanyesha. Ngojeni mwezi wa kwanza, magari mawili, maji ya kunywa ya kutosha, na gari lisiteremke lagani kabisa, mama asimame ukingoni. Atakayeendesha atamchagua yeye. Akimchagua Cliff, wewe mpe funguo, utangulie na pikipiki, na kila laga uivuke kwa miguu, hata zile mbili unazozijua.

Usiniandikie tena kuuliza kama kuna njia nyepesi. Hapo Wanale kuna mama anayejipanga kumsamehe mtoto ambaye hakumkosea. Kila siku unayonyamaza, anaimaliza akiwa amemkasirikia Emma. Nenda ukamzuie.