Kizazi cha Saba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Je, miguu imepungua kuvimba? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio hautulii, na ndio ulionishikisha kalamu.

Kazi yangu ya maabara unaijua: kuosha vyombo na kupika taka kwenye mashine ya mvuke. Daktari, mama mmoja mpole, anafuga bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja antibiotiki. Hukibadilisha kidogo, kisha huwaweka ndani ya dawa kwenye kabati la joto. Wanaopona ndio huwa wazazi wa kizazi kinachofuata, na joto linapandishwa tena. Mzee anayelitunza kabati hilo, tunayemwita Bwana Vipimo, husema bakteria hao wamesoma kutushinda sisi: kila kizazi mtihani, na anayefeli harudii darasa.

Kizazi cha saba kilifaulu. Maabara nzima ilishangilia. Mimi, Dada, nilimwona marehemu mama yetu. Nilikiona kile kidonda, na yule daktari wa wodi akituambia dawa zote zimegoma. Nikakumbuka na barua yako, uliponiuliza ni kazi gani hii ya kukipa nguvu kilichomzika mama yetu.

Ijumaa, visahani vya kizazi hicho vilikutwa vimepikwa kwenye mashine yangu, kabla akiba haijawekwa kwenye friza. Miezi mitano ikapotea hivi hivi. Daktari akaamini viliwekwa kimakosa rafu ya taka, na rafu ni dhamana ya Bwana Vipimo. Akaambiwa ajiandae kuondoka. Kibaya zaidi, naye aliamini. Aliniambia labda kweli mikono yake imeanza kusahau, akaniomba nimwombee.

Nilipiga magoti. Nikaona haya kuomba.

Dada, ni mimi. Hapakuwa na kosa la rafu. Nilivitoa kwenye kabati la joto kwa mikono yangu miwili, nikavipika huku nasali, nikidhani namlipizia mama.

Leo asubuhi nimemwambia Daktari. Hakufoka. Alinieleza taratibu kwamba bakteria wale si wa kumtia mtu ugonjwa, na kimeng'enya kile ni alama tu inayohimili joto, ya kuwasaidia watafiti kuchunguza vijidudu vya kwenye chemchemi za moto. Akaniuliza kwa nini miaka sita yote sikuwahi kuuliza. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka niitwe.

Bwana Vipimo anabaki. Nilipomwomba radhi alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema basi mikono yake ni mizima. Kisha akaligeukia kabati lake, hakunitazama tena.

Sikulaumu kwa barua ile, Dada. Uliuliza tu, mkono ulikuwa wangu. Niombee, maana mimi bado naona haya kuomba. Msalimie shemeji na watoto wote.

Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi, mdogo wako.