Tofali la Chini ya Ngazi

Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumapili, tarehe tisa, saa nane mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe? Shemeji yangu hajambo? Na binti yetu je, kile kikohozi kimepona? Na mgongo wako, bado unabeba magunia kama vile umri haukuhusu? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mimi miguu inanisumbua, lakini cherehani naikanyaga vilevile, na mdomo wangu unaujua, huo haujawahi kuugua.

Simu zangu umezikata mara tatu. Nikasema haya, barua haikatwi. Atakuletea dereva wa lori, yule mume wa jirani, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umeifungua.

Ni habari ya mdogo wetu. Jumatatu iliyopita pale kiwandani mashine ya kukandia unga ilimvuta mwenzake mkono, ikamvunja vidole viwili. Kifuniko cha mashine ile kimevunjika tangu mwaka jana, kila mtu anajua. Mdogo wetu alikuwa upande wa pili kabisa, anatia mikate kwenye mifuko. Lakini mtu alipopiga yowe tu, wote waligeuka wakamtazama yeye. "Mkosi yuko zamu leo, mlitegemea nini?"

Msimamizi naye akapata pa kujificha. Ameandika maelezo ya nusu ukurasa kwamba ni mdogo wetu aliyeacha kifuniko wazi. Alhamisi saa nne asubuhi ataitwa ofisini atie sahihi. Akitia, kazi imekwenda, na polisi wataanzia hapo.

Na anataka kutia! Yaani nimembembeleza, nimemgombeza, nimegonga hadi meza. Ananiambia kwa upole, "Dada, huenda ni mimi kweli. Mahali nilipo mambo huharibika." Nikashindwa kujizuia, nikalia mbele yake.

Miaka tisa pale kiwandani walimwita kwa jina lake. Mwaka jana ulipokuja kututembelea ukasimama getini wafanyakazi wakitoka, ukapaza sauti, "Mkosi! We Mkosi, njoo unipokee mzigo!" Watu walicheka, na yeye akacheka. Wewe ukapanda gari ukaenda zako. Tangu siku hiyo tanuri likizimika ni yeye, unga usipoumuka ni yeye.

Usiniambie ulikuwa utani. Na usidhani nakusema wewe peke yako, maana sasa nakuja kwangu mwenyewe.

Jana nilimweleza mdogo wetu ukweli wa siku ile baba alipoanguka akitengeneza paa. Mguu wa ngazi ulikuwa umezuiwa kwa tofali usiteleze. Tofali lile nililitoa mimi. Nikaenda nalo uani, nikalikalia nikifua, kwa uvivu tu wa kwenda kutafuta kigoda. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nayo, si mtoto wa kusema sikujua. Yeye wa miaka sita alikuwa amesimama pale chini anamwita baba aje kula, basi. Baba alichechemea mpaka tulipomzika, na mimi sikufungua kinywa.

Unajua alinijibu nini? Alikuwa anakunja aproni yake ya kazi, wala hakuacha kukunja. "Asante dada, najua unanifariji." Haamini! Miaka thelathini na moja anaitwa hivyo, sasa nami nimwambie kwa siku moja ati si kweli.

Wewe atakuamini, maana wewe uliniona. Ulisimama mlangoni ukaona tofali mikononi mwangu. Watu walipojaa wakiuliza imekuwaje, ukamnyooshea yeye kidole: "Ni huyu! Huyu mkosi!" Ulikuwa na miaka kumi, ulitaka kuniokoa na fimbo. Uliniokoa kweli, mdogo wangu, na mpaka leo sijakushukuru wala kukulaumu. Tulimtwisha yeye, tukaendelea kula naye sahani moja.

Sikuombi uje, wala utume chochote. Mpigie simu kabla ya Alhamisi saa nne, umwambie ulichokiona. Naogopa, nakwambia wazi. Nikifunga macho naona kalamu mkononi mwake.

Msalimie sana shemeji, na mama mkwe wako mwambie gauni lake limebaki vifungo tu. Fundi viatu wa hapa jirani anauliza kila siku utakuja lini. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe moyo wa kusema.

Na binti yako mbusu kwa niaba yangu. Kesho asubuhi ukimwamsha, liite jina lake polepole, ujisikie unavyolitamka. Ni jina la bibi, na mdogo wetu ndilo alilopewa kabla yake. Kisha chukua simu, umwite shangazi yake kwa sauti hiyohiyo.

Akupendaye na akungojaye,
dada yako, mwenye tofali.