Nilisema Ubao Ni Mzima

Mama Adélaïde mpendwa,

Nakuomba unishike mkono kwenye gazeti lako kabla ya Jumamosi ya tarehe 25, maana nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia bila kuambiwa ninyamaze.

Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme hapa mtaa wa Buyenzi, nina miaka ishirini na sita, namfanyia kazi mjomba wangu Massoudi, ambaye ndiye aliyenifundisha kusolda nyaya wakati majirani walikuwa wanamcheka kwamba anamharibu mtoto wa kike. Mwaka jana shirika moja lilileta kompyuta kumi na mbili za mkononi za kugawia zahanati, kila moja ina kiredio ndani cha kutuma ujumbe pale barabara inapofungwa kwa mapigano, nazo zinatumia ule mfumo huru wa kuendeshea kompyuta, usio na mwenyewe, unaoandikwa na watu wa nchi nyingi kwa barua pepe. Moja iliungua, wakatuachia, nikaifufua. Tatizo la zote lilikuwa betri, ilikuwa inaisha kabla ya saa kumi jioni, kwa sababu kiini cha mfumo huo kilikuwa hakikijui kile kichipu kinachogawa umeme ndani ya mashine, basi kila kitu kinaachwa kinawaka hata kama hakina kazi. Nikajitolea kukieleza kichipu hicho, kina mistari mingapi, kila mstari unapeleka volti ngapi na kwa nani, upi unatangulia kuwashwa, upi unaweza kuzimwa mashine ikilala. Nilipima miezi minne, kuranti ikikatika nangoja, ikirudi naendelea, nikaandika faili, nikaituma kutoka cyber, lile duka la intaneti la mjini.

Mama, walinijibu. Bwana mmoja wa huko Ulaya anayejua Kifaransa, ndiye anayepokea kazi za wengine na kuzikagua, alinirudishia mara tano nirekebishe, na mara ya mwisho akaniuliza swali moja tu, kama ubao niliopima, ule wa saketi ndani ya mashine, ulikuwa "intacte". Mimi nikalisoma neno hilo kichwani kwa Kiswahili chetu, mzima, na kwetu sisi mafundi kitu kikiwaka ni kizima, hatuna swali lingine, nikaandika ndiyo. Akasema kazi safi, akaipokea, na jina langu likaandikwa juu ya faili. Nililia pale pale cyber.

Kumbe yeye aliuliza kama haujaguswa na fundi tangu kiwandani, na ubao wangu ulikuwa na ponti, waya wa kuvushia umeme. Mstari wa nne, unaolisha kile kiredio, ulikuwa umeungua, nami nilipoufufua nilishona waya mdogo chini kutoka mstari wa jirani wa volti tano, nikaweka kiredio cha mashine nyingine kinachovumilia tano, nikasahau, maana nani kwetu anaandika ponti daftarini? Siku tisa zilizopita waliniletea mashine ya zahanati ya Ruziba nibadilishe kioo, nikaupima mstari wa nne kwa udadisi tu, nikakuta volti tatu nukta tatu. Maana yake mashine itakayosoma maelezo yangu itakiamuru kichipu kipeleke tano mahali pa tatu, na kiredio kitachemka kwa saa chache kisha kufa.

Nilimwambia mjomba. Akaniambia, "Kama inawaka, iko muzima. We unataka watu waseme Massoudi anashona vitu vyao na waya? Unyamaze, mi nakuomba." Hajawahi kuniomba kitu maishani. Naye Herménégilde, fundi wa shirika, aliyewahi kusema mbele yangu kwamba mtu wa Buyenzi ataandika nini cha kusomwa Ulaya, ndiye atakayeweka toleo jipya la mfumo, lenye faili yangu ndani, kwenye mashine zote kumi na moja Jumamosi, akianza na Ruziba kwa sababu barabara ile inafungwa mapema. Huko Ruziba yuko muuguzi Dévote, ambaye mwezi uliopita aliita ambulansi kwa mashine hiyo, kuna mama alikuwa anajifungua na risasi zinalia juu mlimani. Nikisema, mjomba anaaibika, nami sitaaminiwa tena. Nifanye nini?

Mwenye ponti, Buyenzi

*

Binti yangu,

Majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo pumua kwanza. Mimi kichipu sikijui, ilibidi nimwite fundi wa friji hapa jirani anieleze volti ni nini. Lakini kuhesabu mistari najua. Mjomba wako na Herménégilde wamejaza karatasi, jina lako kwenye faili limekuliza machozi, na Dévote umemtaja mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi chakula kikiwa mezani. Hapo ndipo nilipokukasirikia.

Neno ulilikosea, na kosa hilo nakusamehe, hata mimi ningejibu ndiyo. Nchi hii sasa kila kitu kina ponti, pamoja na sisi wenyewe, na tunajiita wazima. Ila siku tisa si kosa la neno. Mjomba alikuomba mara moja tu, siku zilizobaki ulijinyamazisha mwenyewe, na unajua hivyo. Nakuonea huruma kweli, kwa sababu ni kazi nzuri uliyoifanya na ulistahili kuifurahia zaidi.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma gazeti hili, nenda cyber kabla watu hawajajaa, mwandikie yule bwana: "Mstari wa nne ni volti tatu nukta tatu, si tano. Ubao wangu ulikuwa umetengenezwa, nami nilisema ni mzima." Basi. Mjomba hahusiki, ponti ni ya mkono wako, usilipeleke jina lake Ulaya bure. Kisha mtafute Herménégilde na umwambie uso kwa uso asiweke toleo lile. Akicheka, mwache acheke. Jioni mwambie mjomba umeshasema, usimwombe ruhusa.

Na usidhani nilikaa na barua yako. Ilinifikia Jumatatu, gazeti linatoka Ijumaa. Jumanne nilimtuma mtu Ruziba akamwambie muuguzi asimruhusu yeyote kuigusa mashine yake. Mashine kumi nyingine sikujua ziko wapi, hizo ni zako. Muuguzi alikubali, lakini akauliza ni nani anayesema hivyo, kwa sababu Herménégilde akifika atataka kujua. Jina lako sikulitaja. Nilimjibu kwamba mwenye ponti mwenyewe atafika Ijumaa hiyo hiyo, kabla barabara haijafungwa.