Fulana ya Sufu Uliyoiacha Kavu

Baba Kendi mpendwa,

Jumamosi nilichoma uzi sokoni Meru, mbele ya watu, na muuza mitumba akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Madam, sasa unataka kunichomea stoo?" akasema.

Nikamwambia avute subira. Nilinusa ule moshi, nikasikia harufu ya nywele zilizoungua, nikajua ni sufu. Ungekuwepo ungecheka, maana miaka ile ni mimi niliyekuwa nikijificha kwa aibu kila ulipotoa kiberiti.

Nilikuwa namtafutia Kendi fulana ya ndani. Binti yako ameajiriwa kwenye kikosi kilekile chako, cha kutegua mitego ya waya msituni, na Jumatatu walikuwa wanapanda Mlima Kenya. Usiniulize kwa nini nimemkubalia. Ana miaka ishirini na miwili na ana kichwa chako, akishasema amesema.

Unakumbuka ulivyonileta huku? Mimi mtoto wa Kiritiri, kwenye jua na mbuzi, baridi nilikuwa naisikia tu kwa watu. Julai yangu ya kwanza nililala na sweta mbili na bado nikatetemeka, nikakulaumu wewe na ukoo wako wote. Ukasema, "Umevaa nyingi, lakini umeanza vibaya." Ndipo ukanifundisha kwamba nguo ya maana si koti, ni ile inayogusa ngozi. Iwe ya sufu, iwe nyembamba, ishike mwili, na iwe ndefu ya kutosha kuchomekwa ndani ya suruali hata ukiinama. Sweta na koti ni wageni, ulisema, mwenye nyumba ni fulana.

Tulikuwa tunachakura rundo la mitumba pamoja, wewe ukiweka kila fulana shavuni kama mama anayepima homa ya mtoto. Halafu unachomoa uzi pindoni, unauchoma. Sufu hunuka nywele na kujizima yenyewe. Nailoni huyeyuka. Pamba huwaka kama karatasi, na ukiona hivyo unairudisha bila neno. Mlimani mtu hupanda akitoka jasho, kisha husimama, na pamba iliyolowa haimwachi. "Baba yangu aliwinda paa, mimi nawinda waya," ulipenda kusema. "Lakini baridi haiulizi unawinda nini."

Haya yote niliyajua, Baba Kendi. Hapo ndipo paliponichoma miaka hii yote.

Kendi akiwa darasa la sita, mama yangu alikuja kututembelea kutoka Kiritiri. Akaziona fulana zako kwenye kamba, zimetoboka viwiko. Kwetu nguo ya ndani ya mitumba ni aibu, ni kumvika mtu ngozi ya mgeni asiyejulikana. Na pamba ndiyo heshima, kwa sababu kwenye joto letu hunywa jasho na kukupoza, na mama mwenyewe aliilima ujana wake. Alipokuja tena alikuwa ameuza beberu wake, akakuletea fulana mpya ya pamba, nzito, ya mikono mirefu, bado imekunjwa kwenye karatasi yake. Uliipokea kwa mikono miwili, macho chini, maana wewe hata kumtazama mama mkwe usoni ulikuwa unaona haya.

Asubuhi ya safari yenu ya mlimani ulitoka chumbani umevaa ile yako ya sufu. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Nikakuvuta kando.

"Vaa ile yake," nikakunong'oneza. "Ni leo tu. Kesho anarudi kwao."

Ulinitazama kidogo. Kisha ukarudi chumbani ukabadilisha, ukapita jikoni kuaga, mama akaiona shingoni mwako akatabasamu. Hata mimi nilifurahi.

Mwenzako Mutwiri ndiye aliyenieleza mengine. Mlifuata mstari mrefu wa mitego kwenye mianzi mkapanda mbio, mkatoka jasho, mvua ikawakuta juu pamoja na ukungu, njia ikapotea. Walipokuambia ubadilishe nguo ulikuwa tayari unasema husikii baridi. Mutwiri anasema ulikuwa unacheka, baridi imeshakupanda kichwani. Walikukumbatia zamu kwa zamu mpaka kukakucha, na haikusaidia.

Akaniletea mkoba wako. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa mkate uliofungwa fundo, palikuwa na fulana ya sufu, kavu.

Ile ya pamba nilipewa hospitalini. Niliifua nikaianika. Ilikaa kwenye kamba siku tatu ndipo ikakauka, na kila jioni nilitoka kuishika na kuikuta bado ina maji. Mama alirudi Kiritiri akafa bila kujua, nami sikumwambia mtu yeyote. Watu walisema ni baridi, ni mapenzi ya Mungu, nami nikaitikia amina.

Lakini Kendi alipoona ninanusa moshi sokoni aliniuliza, "Mum, hii umefunzwa na nani?" Tulipofika nyumbani nikamkalisha, nikamweleza yote, mpaka maneno niliyokunong'oneza. Nilingoja anichukie. Aliizungusha mikononi ile fulana yako ya mkobani. Halafu akasema, "Mum, si dad ndiye alikuwa anachoma uzi? Alijua ni pamba. Alijua vizuri kuliko wewe."

Sijui kama alitaka kunifariji. Nililia kama siku ile ya mazishi, na safari hii nililia kwa hasira. Hasira juu yako.

Amepanda leo asubuhi. Ile niliyonunua ameiweka mkobani, na mwilini amevaa yako, ameikunja mikono mara moja. Kabla hajatoka nilimshika kola nikamwambia, "Mtu yeyote akikuambia uvae kitu usichokitaka huko juu, hata kama ni mimi, kataa."

Nawe ungenikatalia tu siku ile, Baba Kendi. Mama angeudhika hadi Kiritiri. Mimi ningenuna siku mbili, nisikusemeshe. Siku ya tatu ungerudi kutoka mlimani na ningekupikia chai.

Lala salama, mume wangu.

Ni mimi mkeo, niliyetoka kwenye jua,
Mama Kendi